Kupandikiza Sasa au Kugandisha Kwanza?

Sokoni, mtu akipewa achague kati ya samaki mbichi na samaki wa barafu, hafikirii mara mbili. Wengi huingia na akili hiyo hiyo kwenye kliniki ya uzazi. Wakisikia kuna kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kukua) kibichi na kiinitete kilichogandishwa, hicho cha pili wanakiona kiporo. Wapo waliosikia kinyume chake, kwamba siku hizi kugandisha ndiko kunakoshika mimba zaidi, na kuna kliniki zinazomgandishia kila anayeingia mlangoni bila kuangalia ni nani. Makundi yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yanakipima kiinitete, ilhali kinachobadilika zaidi ni mfuko wa uzazi kinamoingizwa, na mwili wa mama siku hiyo.

Tunaziweka njia hizi mbili bega kwa bega kwa ajili ya wenza ambao tayari wameambiwa wanahitaji IVF, yaani kurutubisha yai maabara. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba ovari zenyewe ndizo zinazochagua. Zikitoa mayai mengi, gandisha. Zikitoa machache, pandikiza kibichi. Walio katikati wana uhuru wa kutazama mfuko na kalenda. Maelezo yanayofuata ni kwa nini iwe hivyo, na lini kanuni hii inavunjwa.

Mwanzo ni mmoja

Mwanamke huchoma sindano ya homoni ya FSH kila siku, mara nyingi kati ya yuniti 150 na 300, kwa siku 8 hadi 12, ili ovari zikuze mayai kadhaa badala ya moja la kila mwezi. Altrasaundi hupima folikoli, vile vifuko vya maji ambamo yai hukomaa. Zilizotangulia zikifika milimita 17 au 18, huchomwa sindano ya mwisho ya kukomaza mayai. Saa 34 hadi 36 baadaye mayai hunyonywa kwa sindano ndefu kupitia ukeni, mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi nyepesi. Saa hizo hazikadiriwi. Ukichelewa kuchoma ile ya mwisho, piga simu usiku huo huo ili saa ya kuvuna isogezwe. Mayai yakifuatwa mapema mno huwa hayajakomaa wala hayajaachia ukuta, na yakichelewa kufuatwa huwa yamekwisha kutoka na kupotelea tumboni.

Maabara huyakutanisha na mbegu za kiume. Siku ya 3 kiinitete kizuri huwa na seli zipatazo 8. Siku ya 5 kimekuwa blastosisti, kijimpira chenye uwazi wa maji ndani yake. Hapo njia hugawanyika. Wa kibichi hupandikizwa siku hiyo ya 3 au ya 5, katika mzunguko ule ule wa sindano. Wa kugandisha huwekewa viinitete vyote kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hedhi yake inakuja, mwili unatulia, na kupandikiza kunafanyika mwezi unaofuata au hata mwaka unaofuata.

Sasa mfuko wa uzazi. Katika mwezi wa kawaida estrojeni hupanda hadi pikogramu mia mbili au tatu hivi kwa mililita. Ovari zilizochochewa, zenye folikoli kumi na tano, zinaweza kuipeleka juu ya 3,000. Ukuta wa ndani wa mfuko hulishwa kwa pupa na kukomaa kabla ya siku yake. Projesteroni, homoni inayouandaa ukuta huo kupokea kiinitete, nayo ikianza kupanda kabla ya sindano ya mwisho (nanogramu 1.5 kwa mililita ndicho kiwango ambacho madaktari wengi hukichukua kama tahadhari), ukuta hufungua mlango wake mapema na kuanza kuufunga kiinitete kikiwa bado maabara. Mpangaji ni yule yule, ila siku anayofika mwenye nyumba ameshaondoka na ufunguo.

Tafiti zinasema nini, na zinamsema nani

Tafiti zifuatazo ziliwagawa wanawake kwa kura, nusu kibichi na nusu kilichogandishwa. Tafuta mstari unaofanana na wewe. Asilimia ni za wanawake waliojifungua mtoto hai, isipokuwa mstari wa Uingereza.

| Walioshiriki | Mahali na mwaka | Idadi | Kilichogandishwa | Kibichi |
|---|---|---|---|---|
| Wenye PCOS (ovari zilizojaa vifuko vidogo) | China, 2016 | 1,508 | 49.3 | 42.0 |
| Wasio na PCOS, yai hupevuka kila mwezi | China, 2018 | 2,157 | 48.7 | 50.2 |
| Wasio na PCOS | Vietnam, 2018 | 782 | 33.8 | 31.5 |
| Hedhi ya kawaida, blastosisti moja tu | China, 2019 | 1,650 | 50 | 40 |
| Mchanganyiko (kipimo: mtoto mmoja, aliyetimiza miezi, mwenye uzito wa kawaida) | Uingereza, 2022 | 616 | 20.3 | 24.4 |
| Wenye mayai machache | China, 2025 | 838 | 32 | 40 |

Mtu anayekuuzia kugandisha atakuonyesha mstari wa kwanza na wa nne. Anayekuuzia kibichi atakuonyesha wa mwisho. Wote wanasema kweli, lakini kila mmoja anamzungumzia mwanamke tofauti. Huo wa Uingereza ulikuwa na kasoro yake: sehemu kubwa ya waliopangiwa kugandisha hawakufuata mpango, kwa hiyo usiupe uzito kama wa mingine.

Ovari zenye mayai mengi

Kwa mwenye PCOS, yule ambaye altrasaundi huonyesha ovari zilizojaa vifuko vidogo na hedhi yake hupotea miezi, kugandisha hushinda bila ubishi mkubwa. Katika utafiti ule wa 2016 mimba zilizoharibika zilikuwa asilimia 22.0 upande wa kugandisha dhidi ya 32.7 upande wa kibichi. Sababu yenye uzito zaidi hata hivyo ni usalama wa mama. Ovari kuchochewa kupita kiasi kulitokea kwa asilimia 1.3 ya waliogandisha na asilimia 7.1 ya waliopandikizwa kibichi.

Hali hiyo inafaa kueleweka vizuri, maana ndiyo inayoweza kumlaza mtu mahututi kwa matibabu aliyoyaingia akiwa mzima. Ovari zilizojaa folikoli zikikutana na homoni ya hCG, hutoa kemikali zinazoifanya mishipa midogo ya damu ivuje. Maji hutoka kwenye damu na kujaa tumboni, pengine hadi kuzunguka mapafu. Damu inayobaki huwa nzito na kuganda kwa urahisi. Dalili ni tumbo kuvimba na kukaza, uzito kuongezeka kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo kupungua, kuhema, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hizo si dalili za kusubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu.

hCG inaweza kuja mara mbili. Mara ya kwanza ni sindano ya mwisho yenyewe, ambayo hukaa mwilini siku nyingi. Mara ya pili ni mimba, kwa kuwa kiinitete kilichojishika hutengeneza hCG yake. Ndiyo maana wengine huwa salama wiki ya kwanza, wakafurahia kipimo cha mimba, kisha wakaanza kuvimba. Kugandisha viinitete vyote huondoa hCG ya pili. Ya kwanza huondolewa kwa kubadilisha dawa: badala ya hCG mwanamke huchomwa dawa ya jamii ya triptorelini, inayoufanya mwili utoe homoni yake mwenyewe kwa muda mfupi kisha ishuke. Gharama yake ni kwamba baada ya dawa hiyo ovari huzima haraka, ukuta wa mfuko hukosa projesteroni ya kutosha, na kupandikiza kibichi huwa na matokeo mabaya. Kwa hiyo dawa hiyo na kugandisha huenda pamoja. Kliniki ikikuambia una folikoli 25, itakuchoma hCG kamili na kupandikiza siku ya 5, uliza kwa nini, na usiondoke bila jibu.

Hata asiye na PCOS, akiwa na AMH (homoni ya kwenye damu inayoonyesha akiba ya mayai) ya juu au mayai yanayokaribia 20, ahesabiwe humu.

Ovari zenye mayai machache

Huyu ndiye aliyesahauliwa miaka mingi, na kwetu ni wengi, kwa kuwa watu hufika IVF baada ya kuzunguka kwa miaka. Utafiti wa 2025 uliwachukua wanawake waliopata mayai 9 au pungufu, au ambao vipimo vilionyesha akiba ndogo: AMH chini ya nanogramu 1.2 kwa mililita, au folikoli zisizofika 5 mwanzoni mwa mzunguko. Waliopandikizwa kibichi walijifungua kwa asilimia 40, waliogandisha kwa asilimia 32. Kati ya wanawake 100, hiyo ni tofauti ya watoto 8.

Mantiki yake si ngumu kuiona. Mwenye mayai manne estrojeni yake haikupanda sana, kwa hiyo mfuko wake haukuvurugwa kiasi cha kuhitaji kupumzishwa. Wakati huo huo kila hatua ya kugandisha na kuyeyusha inaweza kupoteza kiinitete, na mwenye viwili hana cha akiba. Aliye na kumi na mbili akipoteza kimoja hata hajui.

Kuna zoea la kuwaambia wanawake hawa wavune mara mbili au tatu, wakusanye viinitete barafuni, kisha wapandikize. Linaweza kuwa na maana kama kuna kasoro ya kurithi inayotafutwa. Bila sababu ya namna hiyo, kwa mtu wa miaka 41, hiyo ni kupoteza miezi na pesa.

Walio katikati

Mayai 10 hadi 15, hedhi inayokuja kwa wakati: hapa tafiti za 2018 zinakaribia sare. Ule wa 2019 unavutia upande wa kugandisha pale inapopandikizwa blastosisti moja, lakini umekuja na bei yake, na tutaifikia. Kibichi humfikisha mtu kwenye mimba mapema kwa mwezi au miwili na hakihitaji malipo ya kugandisha. Kama hakuna kikwazo chochote kati ya vifuatavyo, hatuoni sababu ya kukikataa.

Kikwazo cha kwanza ni projesteroni kupanda mapema, ile tuliyoitaja. Cha pili ni ukuta mwembamba, chini ya milimita 7 siku ya sindano ya mwisho. Malaria au homa kali wiki ya kuvuna nayo ni sababu, na vilevile polipu (kinyama kilichoota ndani ya mfuko) iliyoonekana katikati ya safari. Cha maana zaidi kwa Afrika Mashariki ni mirija iliyoziba na kujaa maji. Maambukizi ya kisonono, klamidia au ya baada ya kujifungua huufunga mrija upande wa ovari, maji yanajaa ndani na kuchuruzika kurudi kwenye mfuko wa uzazi. Maji hayo ni sumu kwa kiinitete, na pia hukisukuma kitoke. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kuutoa mrija wa namna hiyo kabla ya IVF kulipandisha waliojifungua kutoka asilimia 16.3 hadi 28.6. Kama mrija umeonekana umejaa wakati sindano zimeshaanza, usipoteze mayai wala usipandikize kwenye maji: vuna, gandisha, toa au funga mrija kwa upasuaji wa matundu, kisha rudi. Ni vivyo hivyo kwa fibroidi iliyoingia ndani ya uwazi wa mfuko. Ile iliyo ukutani nje kabisa haihesabiki.

Ndani ya maabara ya kugandisha

Uamuzi wa kugandisha ni uamuzi wa kuamini mikono ya mtu, kwa hiyo inafaa kujua mikono hiyo hufanya nini. Adui ni maji. Seli imejaa maji, na yakiganda taratibu huwa barafu yenye ncha zinazotoboa kila kitu. Njia ya zamani ilishusha joto polepole kwa saa kadhaa na kuua viinitete vingi. Inayotumika sasa, vitrifikesheni, hugandisha kwa kasi hata maji yakawa kama kioo, bila chembe ya barafu.

Fundi huweka kiinitete kwenye kimiminika cha kwanza chenye dawa za kuzuia barafu. Kinanywea, kisha kinarudi umbo lake kadiri dawa inavyoingia, dakika 8 hadi 15. Halafu kinahamia kwenye cha pili, chenye dawa karibu maradufu pamoja na sukari, na hapo saa inaanza kukimbia: sekunde 60, zikizidi sana 90. Ndani ya muda huo anakinyonya, anakiweka kwenye ncha ya kijiti chembamba cha plastiki chenye jina la mgonjwa, anapunguza tone hadi chini ya mikrolita moja, na kukitumbukiza. Tone likibaki kubwa, joto halishuki kwa kasi na barafu inapata nafasi. Akichelewa, dawa zilizokuja kulinda zinageuka sumu. Blastosisti ina uwazi wa maji katikati, kwa hiyo maabara nyingi huutoboa kwanza kwa leza ili unywee.

Kuyeyusha ni kinyume chake, na kasi ni muhimu hata zaidi: kutoka kwenye naitrojeni moja kwa moja hadi kimiminika cha nyuzi 37, dakika moja. Blastosisti nzima huanza kutanuka tena ndani ya saa mbili hadi nne. Maabara iliyozoea huyeyusha viinitete zaidi ya 95 salama katika kila 100. Uliza yenu inapata vingapi. Wakijibu kwa asilimia ya mimba badala ya asilimia ya kuyeyuka salama, hawajajibu ulichouliza.

Watu huuliza kuhusu umeme kukatika. Tangi la naitrojeni halitumii umeme, ni kama chupa kubwa ya chai yenye kuta mbili. Linachohitaji ni kuongezewa naitrojeni kwa ratiba na mtu anayepima kina chake. Umeme ni roho ya kile kisanduku cha joto ambamo viinitete hukua siku tano za kwanza, kwa hiyo jenereta liulizwe na anayepandikiza kibichi pia. Tangi nalo si kinga kamili. Machi 2018 kituo kimoja cha Cleveland, Marekani, kilipoteza mayai na viinitete zaidi ya 4,000 baada ya joto la tangi kupanda. Maswali ya kuuliza: nani hupima kina cha naitrojeni, mara ngapi kwa wiki, kengele ikilia usiku inamwamsha nani, na je, lipo tangi la akiba lililojaa.

Ukigandisha, mfuko uandaliwe vipi

Ndani ya chaguo hili kuna chaguo jingine, na mara nyingi mgonjwa haambiwi kwamba lipo.

Njia ya dawa tupu hutumia vidonge vya estrojeni, kwa kawaida miligramu 6 kwa siku, kuanzia siku ya 2 au 3 ya hedhi. Baada ya siku 10 hadi 14 ukuta hupimwa. Ukifika milimita 7 au zaidi, projesteroni inaanza, kwa mfano miligramu 400 za kuweka ukeni asubuhi na jioni, na blastosisti hupandikizwa siku ya sita ya projesteroni. Kliniki huipenda kwa sababu tarehe hupangwa mapema na hakuna Jumapili inayoharibika.

Njia ya asili haina estrojeni ya dukani. Yai la mwezi huo linafuatiliwa kwa altrasaundi na kipimo cha LH, homoni inayopanda yai linapokaribia kupevuka, na blastosisti hupandikizwa siku ya tano baada ya yai kupevuka. Inahitaji hedhi inayotabirika na safari tatu au nne za kliniki. Asiyepevusha yai, kama wengi wenye PCOS, anaweza kuchochewa kidogo kwa letrozoli siku tano.

Kwa uwezekano wa kushika mimba hazitofautiani sana. Utafiti wa Vietnam wa 2024, wanawake 1,428, ulipata waliojifungua asilimia 37 kwa njia ya asili, 33 kwa ya asili iliyosaidiwa na sindano ya kupevusha, na 34 kwa dawa tupu. Tofauti iko baada ya mimba. Yai linapopevuka huacha nyuma tezi ndogo ya manjano kwenye ovari, inayotoa projesteroni na homoni nyingine zinazoiandaa mishipa ya damu ya mama kwa ujauzito. Kwenye dawa tupu hakuna yai lililopevuka, kwa hiyo tezi hiyo haipo, na shinikizo la juu la damu linalotangulia kifafa cha mimba hutokea zaidi. Kwa hiyo mwenye hedhi nzuri na anayeishi karibu, sisi tunampeleka njia ya asili. Mwenye historia ya presha ya mimba, zaidi sana.

Jambo moja la kufa na kupona kwenye dawa tupu: projesteroni unayoweka ndiyo pekee uliyo nayo. Kwenye mzunguko wa asili ukisahau dozi, tezi inakufidia. Hapa hakuna wa kukufidia hadi kondo la nyuma lichukue kazi, wiki ya 10 hadi 12. Watu huacha dawa walipoona matone ya damu, wakidhani mimba imeshatoka, na wakati mwingine kuacha huko ndiko kulikoitoa. Nunua dozi za mwezi mzima kabla ya kupandikiza. Dawa hizi huadimika madukani bila taarifa.

Mama na mtoto

Hapa ndipo ilipo ile bei ya utafiti wa 2019: dalili zinazotangulia kifafa cha mimba zilikuwa asilimia 3.1 kwa waliogandisha na 1.0 kwa kibichi. Wa 2016 ulionyesha 4.4 dhidi ya 1.4. Kumbukumbu za kitaifa za nchi za Nordiki zilizochapishwa 2022 zinakubaliana nazo: matatizo ya presha ya mimba kwa asilimia 7.4 ya mimba za kugandisha, 5.9 za kibichi na 4.3 za mimba zilizotungwa bila msaada. Uzito wa mtoto nao huenda kinyume. Watoto wa kibichi huelekea kuwa wadogo kidogo, wa kugandisha wakubwa kidogo.

Si sababu ya kuogopa kugandisha pale kunapohitajika. Ni sababu ya kumwambia mkunga au daktari wa kliniki ya wajawazito kwamba mimba hii ni ya kiinitete kilichogandishwa, jambo ambalo wengi hulificha kwa aibu. Akijua, anaweza kuanzisha aspirini ya dozi ndogo mapema, kabla ya wiki ya 16, na kupima presha na mkojo kila hudhurio. Asipojua, atakuona kama mimba nyingine yoyote.

Kimoja au viwili

Tulipite haraka, maana ushahidi hauna utata. Utafiti wa Skandinavia wa 2004, wanawake 661, uliwapa wengine viinitete viwili kwa mpigo, na wengine kimoja kibichi kisha, kikishindwa, kimoja kilichogandishwa. Waliojifungua: asilimia 42.9 na 38.8. Waliopata mapacha: asilimia 33.1 na 0.8. Mapacha ni furaha kwenye picha, lakini huzaliwa njiti kwa wingi, na vitanda vya watoto njiti nchini vinajulikana. Faida moja ya kugandisha isiyotangazwa ni hii: inakupa ujasiri wa kuweka kimoja, kwa kuwa cha pili kipo.

Pesa, safari na zile asilimia za matangazo

Ukiomba bei, omba kwa vipande: sindano, kuvuna, maabara, kugandisha, hifadhi kwa mwaka, kuyeyusha, dawa za kuandaa mfuko, kupandikiza. Kliniki nyingine hutangaza bei ya IVF inayoishia siku ya kuvuna, na mgonjwa aliyegandisha anakuta nusu ya njia haijalipiwa. Anayetoka Kigoma au Pemba kwenda Dar es Salaam au Nairobi ahesabu pia nauli na ruhusa kazini. Kibichi ni kukaa mjini wiki mbili na nusu hadi tatu mfululizo. Kugandisha ni safari mbili, lakini ile ya pili inaweza kuwa ya siku chache tu kama altrasaundi ya kupima ukuta itafanyika kwenu na picha kutumwa.

Asilimia ya kliniki isomwe kwa mgawanyo wake. "Sitini kwa mia" ya waliopandikizwa haiwahesabu waliochoma sindano wakakosa yai, wala ambao viinitete vyao havikuvuka kuyeyushwa. Namba unayoitaka ni waliorudi nyumbani na mtoto kati ya wote walioanza sindano, wa umri wako. Kugandisha hupendezesha asilimia ya kila upandikizaji, kwa kuwa waliokatika njiani hawafiki kwenye hesabu.

Kabla ya kutia sahihi

Kugandisha huacha swali ambalo kibichi mara nyingi hakiachi: vitakavyobaki. Kanisa Katoliki linapinga IVF yenyewe na kugandisha viinitete pia. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilielekeza mwaka 1990 kwamba mayai yarutubishwe kwa idadi inayohitajika tu ili kusiwe na ziada, na msimamo wa wanazuoni wengi wa Kisunni ni kwamba kiinitete hutumika ndoa ikiwa hai, si baada ya talaka wala kifo. Anayetaka kulinda hilo ana njia ya kitaalamu: mwambie daktari kabla ya siku ya kuvuna, maabara irutubishe mayai machache na kuyagandisha mengine yakiwa mayai matupu. Yai huyeyuka kwa shida kidogo kuliko blastosisti, na kurutubisha baadaye huhitaji ICSI, yaani kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, kwa hiyo gharama huongezeka.

Asiye na kizuizi hicho naye atapewa fomu. Aisome na mwenzake, wote wawili wakiwa wamekaa, si mmoja akiwa kitandani anasubiri nusukaputi: vihifadhiwe miaka mingapi, ada isipolipwa inakuwaje, mmoja akifariki nani anaamua, wakiachana nani anaamua. Nakala moja ibaki kliniki, moja nyumbani.